Kubadili Kasi za Data kati ya Laini za Simu na Hifadhi ya Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karatasi ya laini inasema 2.048 Mbit/s. Kioo cha kompyuta kinasema 231 KB/s. Hakuna aliyedanganya: namba hizo mbili zimepimwa sehemu tofauti, kwa vizio tofauti, na watu wa fani mbili ambazo kwa miaka mingi hazikuwa na haja ya kuongea. Majibu haya yanaonyesha jinsi ya kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kudondosha sufuri njiani.

## Laini yangu ni ya "mega mbili". Kwa nini faili linakwenda kwa 231 KB/s tu?

Ifuate namba inavyopungua. Laini hiyo, E1 (laini ya simu ya kidijitali ya mfumo wa Ulaya), inabeba biti 2,048,000 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8: gawa kwa 8, unapata baiti 256,000. Lakini E1 imekatwa nafasi 32, na nafasi nambari 0 ni ya kulinganisha fremu (mafungu ya biti yanayotumwa kwa pamoja); data yako haiingii humo. Zinabaki nafasi 31, yaani baiti 248,000 kwa sekunde. Kama laini inabeba simu pia na nafasi ya 16 imetengwa kwa ishara za simu, zinabaki 30, yaani 240,000.

Tuendelee na 248,000. Pakiti ya baiti 1,500 ina baiti 40 za vichwa vya IP na TCP (kanuni za kuelekeza na kufikisha pakiti mtandaoni), na PPP, kanuni ya kupitisha pakiti kwenye laini, inaongeza baiti 8 hivi za kwake. Kati ya baiti 1,508 zinazopita kwenye waya, 1,460 tu ndizo za faili lako. Hesabu inashuka hadi 240,100. Kisha kuna biti za kujazia: HDLC, kanuni ya kufungasha fremu, huchomeka sufuri kila inapoona biti tano za 1 mfululizo, ili data isije ikafanana na alama ya kufungua fremu. Kwa data iliyochanganyika vizuri, kama faili la zip, hilo hutokea kwa wastani mara moja katika kila biti 62. Unabaki na 236,300 hivi. Mwishowe programu inagawa kwa 1,024 badala ya 1,000, na hapo inaandika 231.

Kwa hiyo, katika lile pengo la 25 kati ya 256 na 231, tano na ushee hazikupotea popote. Kizio tu kimebadilika. Zilizobaki ni ushuru wa njiani, na ushuru huo hauepukiki.

## Kuna mpangilio wa kufuata ili nisikosee?

Upo, na mfuatano wake ni muhimu kuliko hesabu yenyewe.

Kwanza andika kasi kwa tarakimu zote, bila kilo wala mega: si 1.544 Mbit/s bali 1,544,000. Pili uliza imepimwa wapi, kwenye waya au baada ya ushuru, kisha ondoa kisichokuwa chako. Tatu gawa kwa idadi ya biti zinazobeba baiti moja mahali hapo. Mara nyingi ni 8, lakini si siku zote. Nne, na hili liwe la mwisho kabisa, chagua kizio cha kuandikia jibu. Makosa mengi hutoka kwa mtu aliyeanza na hatua ya nne: anabeba "mega" kutoka upande mmoja na kuitua upande wa pili kana kwamba ni kitu kilekile.

Kurudi nyuma ni vivyo hivyo. Tuseme diski inahitaji kulishwa 10 MiB kila sekunde. Hiyo ni baiti 10,485,760, sawa na biti 83,886,080. Kwenye Etheneti ya 100 Mbit/s, ambako TCP hupata takriban asilimia 94.9 ya waya, utahitaji 88.4 Mbit/s: inatosha, ingawa kwa kubanana. Kwa laini za E1 zilizotajwa juu, kila moja ikitoa baiti 236,300, utahitaji 45. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini nakala za akiba zilikuwa zikisafirishwa kwa tepu ndani ya gari.

## Kilo ni 1,000 au 1,024?

Upande wa mawasiliano ni 1,000, kila mara. Kasi ya laini inatokana na saa, saa inapimwa kwa hezi, na kilohezi haijawahi kuwa kitu kingine ila hezi 1,000. Kwa hiyo 64 kbit/s ni biti 64,000 kamili, kamwe si 65,536.

Upande wa kumbukumbu ya kompyuta ni 1,024, kwa sababu anwani za chipu huongezeka kwa vipeo vya mbili. Programu za mafaili zilirithi tabia hiyo. Watengenezaji wa diski hawakuirithi: diski haina anwani za namna hiyo, nao wakabaki na 1,000. Mwaka 1998 shirika la viwango la IEC lilitoa viambishi vya pekee, kibi, mebi, gibi na tebi, ili KiB iwe baiti 1,024 na kB iwe 1,000. Katika ukurasa huu tunavitumia hivyo. Programu nyingi bado huandika KB huku zikimaanisha KiB.

Pengo hukua kadiri kizio kinavyokua: asilimia 2.4 kwenye kilo, 4.9 kwenye mega, 7.4 kwenye giga na karibu 10 kwenye tera. Enzi za modemu hakuna aliyejali. Leo diski ya TB 1 inaonekana kama "931 GB", na mwenye nayo anadhani ameibiwa.

Mfano mbaya kuliko yote ni floppy ya "MB 1.44". Ina baiti 1,474,560, ambazo ni 1,440 × 1,024. Megabaiti hiyo ni 1,000 × 1,024: si ya desimali, si ya vipeo vya mbili. Kwa kweli ni MB 1.47 au MiB 1.41, chagua.

## Nitajuaje programu yangu inahesabu kwa ipi?

Chukua faili ambalo ukubwa wake kwa baiti unaujua, kisha tazama programu inavyoliandika. Faili la baiti 100,000,000 likisomeka 95.4, programu inagawa kwa 1,048,576. Likisomeka 100, inagawa kwa milioni.

Baadhi zinajulikana. Windows huandika GB na kumaanisha GiB. macOS ilihamia desimali kuanzia toleo la 10.6, mwaka 2009. Kwenye Linux, `df -h` hutumia 1,024 na `df -H` hutumia 1,000; herufi moja tu, na watu wawili wanaweza kubishana mchana kutwa. Matoleo ya karibuni ya `dd`, amri ya kunakili data, huandika ukubwa kwa MB na MiB bega kwa bega, kisha kasi kwa MB/s ya desimali. Wa kuchunga zaidi ni `iperf`, programu ya kupima kasi ya mtandao: kwenye mstari uleule, Mbits zake ni za 1,000 na MBytes zake ni za 1,024. Ukijaribu kugawa safu moja kwa 8 ili upate nyingine, hazitalingana, na kosa si lako.

## Hii 64 kbit/s ilitoka wapi, na kwa nini wengine wanasema 56?

Ni sauti ya mtu mmoja kwenye simu. Simu hupitisha sauti ya kati ya hezi 300 na 3,400. Ili sauti isipotee inapogeuzwa namba, sampuli zinatakiwa ziwe zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa, hivyo wakachagua sampuli 8,000 kwa sekunde. Kila sampuli ni biti 8. Zidisha: 64,000. Chaneli hiyo huitwa DS0, na kwa kompyuta ni baiti 8,000 kwa sekunde, au 7.81 KiB/s.

Namba 8,000 ishike vizuri. Laini nyingi za simu za kidijitali, kama T1 (ya Marekani), E1 na familia ya STM (za kasi kubwa), hutuma fremu 8,000 kwa sekunde. Kinachobadilika ni ukubwa wa fremu.

Ile 56 inatoka Marekani. Laini za T1 za zamani hazikuwa na chaneli ya pekee ya ishara za simu, hivyo ziliazima biti ya mwisho ya kila chaneli katika kila fremu ya sita. Sikio halisikii. Data inaharibika. Kwa kuwa kifaa cha data hakijui ni fremu ipi itaibiwa biti, kilijihami kwa kutumia biti 7 tu muda wote: 7 × 8,000 ni 56,000. Ukipewa chaneli ya T1, uliza kwanza ni ya 56 au ni safi. Tofauti ni moja ya nane.

## Nipe laini zote kwa mkupuo.

Hizi ni kasi za kwenye waya zilizogawanywa kwa 8, kabla ya ushuru wowote. T ni za Marekani, E ni za Ulaya; STM na OC ni majina mawili, la kimataifa na la Marekani, ya laini za kasi kubwa:

| Laini | bit/s | Baiti/s | Kwa KiB au MiB |
|---|---|---|---|
| DS0 | 64,000 | 8,000 | 7.81 KiB/s |
| T1 | 1,544,000 | 193,000 | 188.48 KiB/s |
| E1 | 2,048,000 | 256,000 | 250 KiB/s |
| E3 | 34,368,000 | 4,296,000 | 4.10 MiB/s |
| T3 | 44,736,000 | 5,592,000 | 5.33 MiB/s |
| E4 | 139,264,000 | 17,408,000 | 16.60 MiB/s |
| STM-1, OC-3 | 155,520,000 | 19,440,000 | 18.54 MiB/s |
| STM-4, OC-12 | 622,080,000 | 77,760,000 | 74.16 MiB/s |
| STM-16, OC-48 | 2,488,320,000 | 311,040,000 | 296.63 MiB/s |
| STM-64, OC-192 | 9,953,280,000 | 1,244,160,000 | 1,186.52 MiB/s |

E1 imetoka 250 bila mkia, na hiyo imewapoteza wengi wakadhani mafundi wa simu nao huhesabu kwa 1,024. Ni sadfa: 2,048,000 ni nafasi 32 mara 64,000. Ingekuwa mebibiti mbili ingekuwa 2,097,152.

T1 ina chaneli 24 za biti 8, jumla 192, na biti moja ya fremu: 193 × 8,000. Biti hiyo moja hula 8,000 kwa sekunde, hivyo mzigo wako ni 1,536,000, yaani baiti 192,000 au 187.5 KiB/s.

## T3 ni T1 ngapi? Nikizidisha sipati namba ya kwenye karatasi.

Ni T1 28, lakini 28 × 1.544 ni 43.232 na T3 ni 44.736. Upande wa Ulaya hali ni ileile: E3 hubeba E1 16, ambazo ni 32.768, ilhali yenyewe ni 34.368.

Ziada hiyo ndiyo bei ya saa zisizolingana. Kila E1 inaendeshwa na saa yake, na kiwango kinaruhusu ikosee kwa sehemu 50 katika milioni, sawa na biti 102 kwa sekunde juu au chini. Ukitaka kuzifunga laini kama hizo pamoja, lazima uache mianya ya kujazia biti za bure pale laini moja inapochelewa. Kwa hiyo usifike kwenye T3 kwa kuzidisha T1. Soma kasi yake yenyewe, kisha ondoa ushuru wa fremu yake: biti 56 katika kila 4,760. T3 isiyokatwakatwa inakuachia 44.21 Mbit/s, takriban 5.27 MiB/s.

Kuanzia STM-1 kwenda juu tatizo hilo halipo. Saa zote zinafuata chanzo kimoja, na STM-4 ni STM-1 mara nne kamili.

## STM-1 yangu ni 155. Kwa nini mtoa huduma anasema 149.76?

Fremu ya STM-1 ni jedwali la mistari 9 na safu 270 za baiti. Safu 9 za mwanzo ni za uendeshaji, na moja nyingine ni ya njia. Zinabaki 260: mara 9, mara 8,000, unapata baiti 18,720,000, ambazo ni 149.76 Mbit/s au 17.85 MiB/s. Namba hii ndiyo ya kuanzia hesabu ya mafaili. Ile 155.52 ni ya fundi wa nyaya.

Kama juu yake kuna ATM (si mashine ya fedha, bali mfumo wa kukata data katika seli ndogo zenye ukubwa mmoja), endelea kutoa. Seli ya ATM ina baiti 53, na 48 tu ndizo za mzigo: 149.76 × 48 ÷ 53 ni 135.63 Mbit/s, sawa na 16.95 MB/s. Na bado. AAL5, kanuni ya kupanga pakiti ndani ya seli, huongeza mkia wa baiti 8 kwa kila pakiti, kisha hujaza pengo mpaka seli ya mwisho ijae. Pakiti ya 1,500 inakuwa 1,508, inahitaji seli 32, na kwenye waya ni baiti 1,696. Hasara ni ya kustahimilika. Sasa chukua pakiti ya TCP ya baiti 40 inayosema tu "nimepokea". Pamoja na mkia ni 48, inaingia seli moja sawasawa. Lakini kifaa kikiwekwa kutumia kichwa cha LLC/SNAP cha baiti 8, kinachotaja aina ya pakiti, inakuwa 56, inahitaji seli mbili, na waya unabeba baiti 106 kwa ajili ya 40. Mpangilio mmoja kwenye ruta umeongeza mzigo wa majibu hayo maradufu.

Laini nyingi za ADSL (intaneti kupitia waya wa simu) zina ATM ndani yake pia. Modemu ikionyesha imeunganishwa kwa 8,128 kbit/s, zidisha kwa 48 ÷ 53 kwanza: 7,361 kbit/s, au baiti 920,000 hivi, kabla hata ya vichwa vya pakiti.

## Baudi na biti kwa sekunde ni kitu kimoja?

Hapana. Baudi, iliyopewa jina la Mfaransa Émile Baudot, huhesabu ni mara ngapi ishara kwenye waya inabadilika kwa sekunde. Badiliko moja laweza kubeba biti kadhaa. Modemu ya Bell 103 ilikuwa na baudi 300 na biti 300, na kuchanganya kulianzia hapo. V.22bis, kiwango kingine cha modemu, ina baudi 600 na biti 2,400, nne kwa kila badiliko. V.32bis ina baudi 2,400 na biti 14,400. V.34 haizidi baudi 3,429 hata inapotoa biti 33,600. Anayesema "modemu ya baudi 33,600" anamaanisha biti. Msikilize tu, ila usiichukue namba hiyo kuzidishia kitu.

Kwenye poti ya seriali ya kompyuta hali ni tofauti: kila badiliko ni biti moja, kwa hiyo baudi 9,600 ni biti 9,600.

## Kwa nini kwenye poti ya seriali nagawa kwa 10?

Kwa sababu kila herufi husindikizwa. Kwa mpangilio wa 8N1 kuna biti moja ya kuanzia, nane za data na moja ya kumalizia. Jumla ni 10. Hivyo 9,600 inatoa baiti 960 kwa sekunde, na 115,200 inatoa 11,520, ambazo ni 11.25 KiB/s. Ukiweka biti ya ulinganifu na biti mbili za kumalizia, gawa kwa 12.

Mashine za zamani zina hesabu zao. Teletype Model 33 ilitumia biti 11 kwa herufi kwenye baudi 110: herufi 10 kwa sekunde. Teleksi ilitumia msimbo wa biti 5, na biti ya kumalizia yenye urefu wa moja na nusu, jumla 7.5. Baudi 50 ÷ 7.5 ni herufi 6.67 kwa sekunde, au 400 kwa dakika. Saa nzima ya teleksi ni herufi 24,000, na floppy moja ingemeza saa 61 za maongezi hayo. Ukihifadhi teleksi kwenye faili, herufi zitapungua kidogo, maana alama za kuhama kati ya herufi na tarakimu hazina kazi tena.

Modemu zenye V.42, kiwango cha kusahihisha makosa, ni kesi ya pekee. Zikishaelewana, huondoa biti za kuanzia na kumalizia kati yao na kutuma kwa fremu. Kwenye laini ya simu unagawa kwa 8, lakini kati ya kompyuta na modemu bado ni 10. Ndiyo maana modemu ya 33,600 huwekewa poti ya 57,600 au 115,200. Ukiiacha 38,400, data inayobanika vizuri itakwama mlangoni. Na kama faili ni zip tayari, kubana kwa V.42bis hakusaidii kitu: ile "mara nne" ya kwenye boksi ni ya maandishi matupu.

Dokezo moja la ufundi: saa ya 16 MHz haigawanyiki vizuri kwa 115,200. Kigawanyo kilicho karibu zaidi kinatoa 111,111, chini kwa asilimia 3.5. Matokeo yake si kasi ndogo, bali herufi za ajabuajabu. Ukiona takataka kwenye kioo, usianze kukokotoa kasi, angalia saa.

## Upande wa diski, SATA (njia ya kuunganisha diski) ya 6 Gbit/s mbona ni 600 MB/s na si 750?

Usimbaji wa 8b/10b hutuma biti 10 kwa kila baiti, na safari hii jina la kifaa linataja kasi ya waya. Gawa kwa 10. USB 3.0 ya 5 Gbit/s ni vilevile: 500 MB/s.

Etheneti ya gigabiti hutumia usimbaji huohuo kwenye nyuzi za mwanga, na waya wake unakwenda 1.25 Gbit/s, ila jina lake linataja data. Hapo gawa kwa 8: 125 MB/s. Ukitoa vichwa na mapengo ya fremu, baiti 1,460 kati ya 1,538, faili linaenda kwa 118.7 MB/s, ambazo Windows itaziandika kama 113.

PCIe 3.0, njia ya kuunganisha kadi ndani ya kompyuta, iliacha 8b/10b na kuchukua 128b/130b (biti 130 kwa kila 128 za data), hivyo njia moja ya 8 GT/s (biti bilioni 8 kwa sekunde kwenye waya) hutoa 984.6 MB/s. Fibre Channel, mtandao wa kuunganisha hifadhi za data, inachekesha zaidi. Ile iitwayo 16 inakwenda 14.025 Gbit/s kwenye waya, maana ilihamia 64b/66b, lakini huuzwa kama 1,600 MB/s ili iwe mara mbili ya iliyotangulia. Jina la kibiashara si kipimo. Tafuta kasi ya waya na aina ya usimbaji, kisha piga hesabu mwenyewe.

## Je, "52x" ya CD na "1600 bpi" ya tepu ni kiasi gani?

CD ya data kwa 1x (kasi ya msingi; 52x ni mara 52 yake) husoma sekta 75 za baiti 2,048 kila sekunde: baiti 153,600, au 150 KiB/s kamili. Ile 52x ni 7.99 MB/s, na hufikiwa ukingoni mwa diski tu, kwa kuwa ndani mzingo ni mdogo. CD ya muziki hutoa baiti 2,352 kwa sekta, yaani 1.4112 Mbit/s, na inaenea ndani ya T1 moja. DVD ina x yake: 1x ni 1.385 MB/s, kama mara tisa ya CD.

Kwa tepu za nyimbo tisa (mistari ya kurekodia, si muziki), herufi b ya bpi, yaani biti kwa inchi, inapotosha. Nyimbo tisa huandikwa sambamba, nane za data na moja ya ulinganifu, hivyo 1600 bpi ni baiti 1,600 kwa inchi. Zidisha kwa mwendo wa tepu. Inchi 75 kwa sekunde zinatoa baiti 120,000, sawa na chaneli 15 za simu. Modeli ya 8 ya IBM 3420, yenye 6250 bpi na inchi 200, ilitoa 1.25 MB/s.

Hizo ni kasi za kilele. Kati ya bloku na bloku kuna pengo la inchi 0.6 kwenye tepu za 1600. Bloku ya baiti 80, saizi ya kadi moja ya zamani, inachukua inchi 0.05 tu, kisha pengo mara kumi na mbili yake. Asilimia 7.7 ya tepu ndiyo inayofanya kazi, na baiti 120,000 zinageuka 9,200. Ukikuta tepu ya zamani inasomeka polepole, angalia ukubwa wa bloku kabla ya kulaumu mashine.

## Nimekokotoa kila kitu sawasawa, lakini E1 ya setilaiti haifiki hata nusu.

Hapo ushuru umeisha. Kinachokubana ni kusubiri. Setilaiti iko juu kilomita karibu 35,800, na ujumbe kwenda na jibu kurudi huchukua kama sekunde 0.55. TCP ya zamani hairuhusu zaidi ya baiti 65,535 kuwa njiani bila kujibiwa. Gawa 65,535 kwa 0.55: baiti 119,000 kwa sekunde, hata laini iwe pana kiasi gani. E1 inaweza 248,000.

Ili kuijaza unahitaji dirisha (kiasi cha baiti kinachoruhusiwa kuwa njiani) la 248,000 × 0.55, yaani baiti 136,400. Upanuzi wa dirisha la TCP uliandikwa mwaka 1992 kwenye RFC 1323, waraka wa viwango vya intaneti. Hakikisha umewashwa pande zote mbili na hakuna kifaa cha katikati kinachoufuta. Kama kifaa ni kikongwe hakiujui, fungua miunganisho mitatu sambamba. Ni dawa ya kienyeji, lakini inafanya kazi.

## Faili la MiB 700 litachukua muda gani?

Ni baiti 734,003,200. Kwenye chaneli moja ya 64 kbit/s, baiti 8,000 kwa sekunde, ni sekunde 91,750: saa 25 na dakika 29. Kwenye E1 ya baiti 236,300 ni sekunde 3,106, karibu dakika 52. Aliyegawa 700 kwa 2.048 na kusahau baiti atategemea dakika sita. Aliyekumbuka 8 lakini akasahau ushuru na 1,024 atategemea dakika 46 kasoro, na atakuwa amekaribia kiasi cha kutogundua kosa lake.

## Herufi ndogo na kubwa zina maana kweli?

Ndiyo: b ni biti, B ni baiti, k ni 1,000. K kubwa haina maana iliyokubalika, na m ndogo ni sehemu ya elfu, ingawa hakuna anayekusudia milibiti. Kwenye mikataba andika "Mbit/s" au "MB/s" kwa ukamilifu. Nyaraka za zamani za diski ziliandika Mb zikimaanisha megabaiti, kwa hiyo jina la kizio lisipoungwa mkono na ukubwa wa kitu chenyewe, liweke shaka.

## Na baiti ni biti 8 siku zote?

Kwenye chochote utakachokishika leo, ndiyo. Zamani hapana: kompyuta ya PDP-10 ilikuwa na neno la biti 36 na baiti yake ilikatwa upendavyo. Ndiyo sababu nyaraka za mawasiliano husema "okteti" (biti 8 kamili) badala ya baiti. Ukibadilisha data ya mashine kama hizo, uliza kwanza urefu wa neno, maana hatua ya tatu yote inategemea jibu hilo.